Msumari wa Kibogoyo

Teban alikuwa na magitaa sita, na kila Jumapili baada ya misa aliyashusha yote ukutani, akayapanga kitandani na kuyapangusa moja baada ya jingine kwa fulana kuukuu, huku akiyasemesha kama mtu anayewaogesha wanawe. Mkewe Biyang alikuwa akimtazama kutoka jikoni huku akitikisa kichwa. Mwanamke huyo ulimi wake haukuwa na breki.

"Mwenzangu," alimwambia siku moja, "nimekaa nawe miaka yote hii, hata mara moja hujanipangusa mimi hivyo."

"Wewe hutoi sauti nzuri ukiguswa."

"Njoo uniguse na hicho kitambaa uone sauti nitakayoitoa!"

Aliyapenda, hilo hatuwezi kumnyima. Yote sita yalitengenezwa na kaka yake, Karyo, fundi wa mtaa wa Abuno ambaye hata mafundi wenzake walimwamkia kwa heshima. Moja alimpa siku ya harusi. Jingine, jeusi la mpingo, alimtengenezea alipopata kazi ya kuimba hotelini pale ufukweni na wenzake wawili, wakizunguka meza hadi meza wageni wanapokula. Teban angeweza kufumba macho ukamgongea lolote kati ya hayo sita, akakutajia ni lipi na mvua ilikuwa inanyesha au hainyeshi siku lilipotoka karakana.

Lakini alikuwa na ugonjwa wake, na ugonjwa wenyewe haukuwa na dawa. Gitaa likishazoea ukuta, macho yake yalianza kuzurura. Akipita dukani, shingo inageuka. Akimsikia mpigaji mwingine, anakula nusu sahani na kuiacha. Alikuwa anayapenda aliyonayo kwa moyo wote, na kwa moyo huohuo anatamani lile asilonalo. Jamani, sijui mtu mmoja anapata wapi nafasi ya yote hayo kifuani.

Gitaa la kwanza kabisa kati ya yale sita liliitwa Kibogoyo. Lilitokana na mfenesi wa mama yao. Tufani iliuangusha mti ule uani wakati Teban yungali mtoto anayepiga gitaa la debe la mafuta, na Karyo kijana tu, kibarua wa kupiga msasa. Karyo alipasua mbao, akaziweka darini juu ya jiko la mama, zikala moshi miaka kadhaa mpaka ule umanjano wa fenesi ukageuka rangi ya asali nzito. Ndipo akaunda gitaa lake la kwanza maishani. Shingo ilikwenda kombo kidogo. Akampa mdogo wake.

Sasa sikia huyo mdogo wake alifanya nini. Jirani alinunuliwa gitaa la dukani, limepambwa kwa gamba la kombe linalometameta kuzunguka tundu. Teban akaona lake si kitu. Akaenda nalo kisimani, akalipiga kwenye ukingo wa zege, akiwaza kwamba likivunjika atapewa jipya. Halikuvunjika. Lilimeguka kipande ubavuni, pengo la ukubwa wa jino. Karyo alilichukua, akapitisha kidole pale palipomeguka, akamtazama.

"Ulitaka livunjike, siyo?"

Teban akalia.

"Ningeweza kuliziba hili, Dong, mdogo wangu, lisionekane tena. Silizibi. Nikiliziba utasahau." Kisha akacheka, maana Karyo hakuweza kununa muda mrefu. "Tazama, tayari ana pengo kama bibi Osang. Basi aitwe Kibogoyo."

Tangu hapo kukawa na desturi ya nyumba yao. Kila mwaka mwezi Novemba, mkesha wa sikukuu ya Bikira wa Regla, watu wengine wakihangaika na nguruwe wa kuchoma, Teban aliyabeba magitaa yake yote kuyarudisha karakana. Karyo aliiita siku ya kuogesha. Aliyalaza mezani, akavua nyuzi kuukuu, akapangusa vumbi, akagonga uso wa kila moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kisha akatia nyuzi mpya. Kibogoyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuogeshwa kila mwaka.

Mambo yaliharibika mwezi wa Juni. Hotelini alifika mgeni kutoka Korea, mwalimu mstaafu, Bwana Bae, mpole asiyepandisha sauti. Alikuja na gitaa lake mwenyewe. Uso wa gitaa hilo, ule ubao wa mbele, ulikuwa wa mwerezi, mwekundu-mwekundu, na alipoligusa jioni moja kando ya bwawa la kuogelea, Teban alisimama katikati ya wimbo. Wenzake wakaendelea peke yao. Kila uzi ulisikika umekaa mahali pake, na sauti ilikaa hewani ikikusubiri uiage.

Usiku huo Biyang alimwekea wali wa puso, ule unaopikwa ndani ya kifuko cha makuti, na samaki mkavu, na puso haikufunguliwa.

"Umemwona nani?" akauliza Biyang.

"Sikumwona mtu."

"Basi umeona gitaa. Mungu wangu! Afadhali ingekuwa mwanamke, ningemfuata nikamvuta nywele."

Kesho yake Teban aliruhusiwa kulishika. Naye Bwana Bae akaomba ashike la Teban, na siku hiyo Teban alikuwa amekuja na Kibogoyo, kwa sababu ndiye aliyemtumia kazini ili chumvi ya bahari isiyaharibu mengine. Ndivyo alivyokuwa akimfikiria: wa kumtanguliza mbele ya chumvi. Mgeni akapiga kidogo, akanyamaza, akapiga tena. Akatia ncha ya kidole kwenye lile pengo, akatabasamu.

Wakawa wanazungumza kwa vidole na vichwa. Siku moja kabla ya kuondoka, mgeni alijionyesha kifuani, akamwonyesha Kibogoyo, kisha akaonyesha gitaa la mwerezi na kifua cha Teban. Teban alielewa. Akakimbia nyumbani, akaleta lile jeusi la mpingo, akaleta na jingine. Bwana Bae aliyagusa yote kwa adabu, akainamisha kichwa, akarudi kwa Kibogoyo.

Ninayo mengine matano, Teban alijisemea. Alijisemea hivyo mara nyingi, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kujibiwa. Asubuhi ya kuondoka wageni, pale ukumbini, wakabadilishana masanduku ya magitaa, na gari la uwanja wa ndege likaondoka na Kibogoyo.

Biyang aliuona msumari mtupu kabla hata hajaweka kikapu cha sokoni chini.

"Kibogoyo yuko wapi?"

"Nimebadilishana. Ngoja usikie hili jipya, Biyang, kaa hapa, ngoja—"

"Umebadilishana." Hakutania safari hii. "Na Manoy Karyo, kaka yako mkubwa, anajua?"

"Ajulie wapi? Mpaka Novemba bado."

"Na Novemba ikifika?"

"Nitajua la kusema."

Alikaa na gitaa la mwerezi wiki kadhaa akiwa na furaha ya ajabu, hilo nalo tusimnyime. Lakini hakulitundika. Alilisukuma chini ya kitanda, na kila mlango ulipobishwa alihakikisha shuka limefunika. Wala Kibogoyo hakumpa nafasi ya kusahau. Kila alipoinua macho, ule msumari ulikuwa pale.

Septemba Karyo aliacha kushuka karakana. Vumbi la mbao alilovuta maisha yake yote lilikuwa limekaa kifuani, na madaktari walimwambia arudi nyumbani apumzike, maneno ambayo kila mtu anajua maana yake. Walimtandikia kitanda chumba cha juu, karakana ikiwa chini yake, na binti yake Lilay ndiye aliyebaki na kazi. Mama yake Lilay alikwisha kufa zamani. Teban alipokwenda kumwona kaka yake, alikuta mashavu yamebonyea na mikono ileile mikubwa imelala juu ya blanketi.

"Manoy, shikamoo. Unajisikiaje?"

"Ninajisikia kama gitaa lililoachwa juani," akasema Karyo, akacheka mpaka kikohozi kikamkata. Kilipopita akamshika mdogo wake mkono. "Dong, mwaka huu nitayaogesha nikiwa nimelala. Yalete yote. Nataka nimsikie kila mmoja kabla... aah, wewe yalete tu. Na Kibogoyo aanze."

"Nitayaleta, Manoy."

"Usisahau Kibogoyo."

"Nitamsahauje?"

Aliporudi nyumbani alimweleza mkewe. Biyang alimsikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti kilichomtazama.

"Mwambie ukweli."

"Nikimwambia nitamuua, Biyang."

"Anakufa hata usipomwambia. Mwambie afe akijua mdogo wake ni mpumbavu. Hilo analijua tangu kisimani. Atakusamehe."

"Siwezi. Nitamwangalia usoni nimwambie nini? Kwamba mti wa mama nimempa mtu nisiyejua hata anakaa mtaa gani?"

Alikwenda hotelini akamwangukia dada wa mapokezi ampe anwani ya Bwana Bae. Dada yule alimwonea huruma lakini taarifa za wageni hazitolewi, na kwa hilo hakuwa na la kufanya. Teban alisimama mbele ya ile meza mpaka wageni wengine wakaanza kumpita pembeni.

Ndipo alipopata wazo lake la kipumbavu kuliko yote: aundiwe Kibogoyo wa bandia. Hakuweza kwenda kwa fundi mwingine, maana Abuno ukikohoa upande huu unaambiwa pole upande wa pili. Alimwendea Lilay. Alimkuta karakana, nywele zimejaa unga wa mbao, akamweleza yote akiangalia sakafu.

Lilay aliweka randa chini polepole.

"Tiyo, ami yangu. Unaniomba nimdanganye baba yangu kwa mikono aliyoifundisha yeye mwenyewe?"

"Nakuomba, Day, binti yangu. Afe na amani."

"Kwani mimi nimewahi kuunda gitaa zima? Mimi napiga msasa, napaka vanishi, nafunga mbavu za ndani. Kufunga tumbo la gitaa hajaniachia hata siku moja."

"Unaweza. Mimi nakujua."

"Unanijua!" Alicheka kicheko kibaya. "Uliyemjua tangu utoto umemtoa kama zawadi ya sikukuu." Kisha akaanza kulia, na akilia hivyo akatazama juu, kwenye dari, ambako baba yake alikuwa anakohoa. Walingoja kikohozi kiishe. "Nitafanya," akasema. "Lakini sifanyi kwa ajili yako, na usinishukuru."

Alitafuta mbao za mfenesi mkuukuu, za kitanda cha watu waliokwisha kufa, akazipiga randa. Juu, Karyo alikuwa anauliza ni oda ya nani hiyo. Lilay alimjibu ni ya duka la uwanja wa ndege. Basi Karyo akawa analala akisikiliza. Siku nyingine aligonga sakafu kwa fimbo na kupaza sauti: "Punguza mkono, Day! Unaparua!" Na Lilay akapunguza mkono.

Gitaa lilipokauka vanishi, Lilay alimwita ami yake. Rangi ilikuwa yenyewe, shingo imekwenda kombo vilevile kidogo. Teban alishika kichwa kwa mshangao.

"Bado pengo," akasema.

Lilay alimnyooshea patasi. "Pengo lichonge mwenyewe. Mimi silichongi."

Teban alichukua patasi. Alidhani atakuwa amesahau lilivyokaa, lakini vidole vyake vilikumbuka kila kitu: pale linapoingia, pale lilipo na kijino kidogo upande wa chini, pale palipolainika kwa miaka ya kuguswa. Alichonga akafuta, akachonga akafuta, mtu mzima mwenye mvi anamega gitaa kwa mara ya pili. Alipomaliza, Lilay hakuwa chumbani tena.

Mkesha wa sikukuu ukafika. Mitaa yote ilinuka nguruwe wa kuchoma, bendi za shule zinafanya mazoezi, vijibendera vimetundikwa toka nguzo hadi nguzo. Teban na Biyang walipanda ngazi na masanduku sita. Lilay alisimama mlangoni mikono nyuma.

"Haya, wanangu wamekuja," Karyo alisema. Sauti ilikuwa imepungua sana. "Biyang, bado hujamkimbia huyu?"

"Nikimbilie wapi, Manoy, na miguu hii? Nimekuletea bibingka, keki ya mchele."

"Kaa nayo karibu niinuse tu. Dong, Kibogoyo."

Teban alimlazia kaka yake gitaa kifuani. Karyo hakulitazama sana; macho yake yalikuwa dirishani. Alikunja kidole, akagonga uso wa gitaa. Akasubiri. Akagonga karibu na tundu, akagonga chini ya daraja la nyuzi. Kisha mkono ukashuka ubavuni mpaka kwenye pengo, na kidole kikaingia, kikazunguka ndani yake taratibu, kikafika kwenye kile kijino cha upande wa chini, kikakaa hapo.

"Hata pengo umelikumbuka," akasema.

Karyo akageuza kichwa juu ya mto.

"Lilay, mama, nenda kanichemshie kakao ya sikwate. Nzito. Biyang, msaidie, huyu hutia maji mengi." Wanawake walipotoka na ngazi ikaacha kulia, akasema kwa sauti ya chini: "Usimwambie mwanangu kwamba nimejua. Amehangaika sana."

"Manoy—"

"Nimelisikia likizaliwa, Dong. Nimelala hapa juu nikalisikia ubao kwa ubao. Unadhani sauti ya mfenesi chini ya randa siijui? Duka la uwanja wa ndege tangu lini likaagiza mfenesi mkuukuu?" Alipumzika. "Nilikuwa sijui tu ni la nani. Sasa nimejua."

Teban alipiga magoti kando ya kitanda, akaweka uso kwenye blanketi, akalia. Alisema yote, Bwana Bae, bwawa, mwerezi, ukumbi, gari. Aliomba msamaha mara nyingi mpaka maneno yakawa hayana umbo. Karyo alimwacha alie. Kisha akamuuliza jambo moja.

"Huko aliko Kibogoyo, hewa ina unyevu?"

"Nini, Manoy?"

"Wakorea. Nasikia wakati wa baridi wanapasha moto nyumba kutoka sakafuni. Hewa inakauka kabisa. Yule amezaliwa huku kwenye unyevu, mbao zake zimekunywa hewa hii. Akikaushwa ghafla, uso utapasuka." Alikohoa, akashika mkono wa mdogo wake. "Mwambie huyo bwana aweke bakuli la maji chumbani. Chini ya gitaa, usiku na mchana. Anaonekana mtu mzuri, ukimwambia ataweka. Utamwambia?"

Teban hakuwa na anwani wala namba, hakuwa na hata jina la mji. Alimtazama kaka yake usoni.

"Nitamwambia, Manoy."

"Vizuri." Karyo alifumba macho, na Teban alidhani amelala. Lakini akasema, macho yakiwa bado yamefumba: "Na hili hapa usiliite Kibogoyo. Hili ni la Lilay, gitaa lake la kwanza. Uso ameupiga randa mwembamba kuliko nilivyowahi kuthubutu mimi. Nikishaondoka, mwachie yeye. Utazua sababu." Kisha akafumbua jicho moja, na katika jicho hilo Teban alimwona kaka yake wa zamani. "Sasa hilo la mwerezi liko wapi?"

"Nyumbani. Chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda! Umemtoa Kibogoyo kwa ajili yake halafu unaliweka chini ya kitanda na mende? Kwa nini hukuja nalo?"

"Niliona aibu."

"Mpumbavu wewe. Mimi maisha yangu yote nimetamani kugonga uso wa mwerezi wa hao mafundi wa ng'ambo. Nimeusikia kwenye redio tu." Alitabasamu mpaka meno yakaonekana. "Limekaaje? Mlio wake unakawia?"

"Unakawia, Manoy. Unakaa hewani mpaka unauonea huruma."

"Aaah," akasema Karyo, na sauti hiyo Teban aliijua, maana ndiyo aliyokuwa akiitoa yeye mwenyewe mbele ya madirisha ya maduka. Alikuwa hajui kwamba kaka yake naye anayo. "Kesho ulilete. Asubuhi na mapema, kabla ya maandamano ya Bikira. Nataka niligonge mara moja tu."

Sikwate ikaletwa. Magitaa mengine yakaogeshwa, Lilay akitia nyuzi na baba yake akigonga. Kila moja alilisemesha neno. Mwisho alimwambia Teban apige lile jipya la mfenesi, Teban akapiga, na Karyo akamwambia binti yake, kana kwamba ni jambo la kawaida: "Kibogoyo mwaka huu amepona sauti." Lilay aligeukia ukutani akajifanya anatafuta kitambaa.

Kwa furaha, usiku huo Teban hakulala. Alilitoa gitaa la mwerezi chini ya kitanda, akalipangusa, akatia nyuzi mpya. Biyang alimkuta kulipopambazuka ameshavaa shati la sikukuu.

"Angalau nywa kahawa."

"Nitakunywa huko. Amesema mapema."

Alikwenda kwa miguu, sanduku mkononi. Wanawake walikuwa wamekwisha amka na kila uwanja ulikuwa unafagiliwa, maana siku ya sikukuu huwezi kuacha hata jani moja mlangoni. Fagio zilisikika nyumba hadi nyumba, watu wakimsalimia: "Unampelekea Manoy Karyo muziki?" naye akiitikia: "Ametaka mwenyewe!" Alikuwa akitembea karibu kukimbia.

Alipokata kona ya mwisho, alisimama.

Uwanja wa Karyo haukufagiliwa. Majani ya usiku yalikuwa yametapakaa toka ngazini mpaka njiani, na ufagio ulikuwa umeondolewa pale ulipokuwa ukisimamishwa siku zote. Huku kwetu kuna nyumba moja tu isiyofagiliwa asubuhi ya sikukuu, nayo ni ile yenye maiti ndani. Teban aliyatazama yale majani. Alitamani mtu atoke ndani na ufagio, yeyote yule, aanze kufagia, aseme alichelewa kuamka.

Aliyetoka ni Lilay, bila viatu, akakaa kwenye ngazi.

"Alikuulizia," akasema. "Alfajiri. Akasema, 'Teban hajafika?' Nikamwambia bado ni giza, baba. Akasema, 'Basi nitamngoja.'"

Teban alipanda ngazi. Karyo alikuwa bado kitandani, hawajamvalisha, uso umeelekea mlangoni. Teban alikaa kando yake, akafungua sanduku. Alilitoa gitaa la mwerezi akalilaza kifuani mwa kaka yake, pale yalipolala mengine sita jana yake. Akauchukua mkono ule mkubwa ambao ulikuwa haujapoa wote, akakunja kidole kimoja taratibu, na kwa kifundo cha kidole hicho akagonga uso wa gitaa.

Lilitoa sauti. Ilikaa chumbani, ikakaa, ikafifia.

"Umesikia, Manoy?" akasema. "Umesikia inavyokawia?"

Akagonga tena. Lilay alikuwa mlangoni, na alimwacha. Nje bendi za Bikira zilikuwa zimeanza, na Teban aliendelea kugonga, akisimama kila mara kusubiri kaka yake aseme lilikuwaje, mpaka Biyang alipofika akamtoa kidole cha marehemu mkononi.

Walimzika. Zikapita sala za siku tisa, majani yakafagiliwa. Teban alimpa Lilay gitaa lake la kwanza, akasema kwamba Kibogoyo angependa kukaa karakana alikozaliwa, na Lilay akalipokea kwa mikono miwili. Gitaa la mwerezi alilitundika ukutani na mengine matano. Msumari wa Kibogoyo aliuacha mtupu.

Desemba ilipoingia, Biyang alirudi toka sokoni akakuta bakuli la maji sakafuni, chini ya ule msumari. Nje mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kuta zinatoka ukungu, nguo hazikauki kamba nzima.

"Hili nalo?" akasema. "Unafuga samaki sasa?"

Teban alikuwa amekaa kitandani na fulana yake ya kupangusia, hapangusi chochote.

"Kule sasa ni baridi," akasema. "Wamekwisha washa moto sakafuni."

Biyang alikuwa na neno tayari mdomoni, akalimeza. Aliweka kikapu chini. Asubuhi yake, Teban alipokwenda kuongeza maji, alikuta bakuli limekwisha jazwa.